Jina Limehifadhiwa

Hotuba ya mhariri mstaafu wa ukurasa wa barua, usiku wa kutoa tuzo za uhuru wa kujieleza, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu katika tasnia ya habari, washindi ambao majina yenu bado yamo ndani ya bahasha, na ninyi nyote mliopambana na foleni mkafika: assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe, habari za jioni.

Waandaaji waliniomba nizungumzie uhuru wa kujieleza. Wamo humu ukumbini wanasheria wanaoijua Ibara ya 18 ya Katiba yetu kuliko mimi, na wamo waandishi waliolala mahabusu kwa sababu ya aya moja. Mimi sikulala mahabusu. Kazi yangu kwa miaka 13 ilikuwa kufungua barua. Nilikuwa mhariri wa ukurasa wa barua za wasomaji katika gazeti moja la Kiswahili hapa Dar es Salaam, na yote nitakayosema usiku huu nilijifunza kwenye meza ile.

Walio na umri wangu wanazikumbuka barua zile. Kila asubuhi mhudumu alirudi kutoka posta na mfuko, nikaumwaga mezani: bahasha za kaki, karatasi za daftari la hesabu zilizokunjwa na kubandikwa kwa ugali kwa kukosa gundi, stempu zilizokwisha tumika mara moja zikavuliwa kwa mvuke. Nyingi zilianza hivi: “Ndugu Mhariri, naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu.” Neno hilo dukuduku nimelipenda siku zote. Hoja unaweza kuiahirisha, malalamiko unaweza kuyazoea. Dukuduku linakaa kifuani na kumnyima mtu usingizi mpaka litoke. Palikuwa na mwalimu wa Nachingwea ambaye mshahara wake ulichelewa miezi mitatu. Palikuwa na mvuvi wa Mafia aliyetaka kujua kwa nini wanaovua kwa baruti hawakamatwi. Palikuwa na mzee wa Kondoa aliyeandika kila mwezi juu ya daraja lilelile, na kila mwezi nilisoma barua yake kana kwamba ndiyo ya kwanza, kwa sababu kwake daraja lilikuwa limebomoka kila siku aliyoamka.

Ukurasa ulikuwa na kanuni moja isiyovunjwa. Mwenye barua lazima atupe jina lake na anwani yake kamili, la sivyo barua haitoki. Lakini akiomba, jina halichapwi. Chini ya barua tunaandika maneno mawili: Jina limehifadhiwa. Nadhani nimeyaandika maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu mwenyewe.

Mwaka 1996 ilikuja barua kutoka wilaya moja ya kusini. Wino wa bluu, mwandiko uliolala kushoto. Ilihusu zahanati ya kijiji. Mwandishi alieleza kwamba dawa hufika Ijumaa na gari la wilaya, na kufikia Jumatatu ziko kwenye duka lililo ng’ambo ya barabara, zinauzwa. Hakusema “dawa nyingi”. Alisema katoni 4 za klorokwini, akataja siku, akataja saa gari lilipoingia. Nilipomaliza kuisoma nilijua mambo mawili. La kwanza, ni kweli. La pili, aliyeandika yumo ndani ya zahanati ile, na zahanati ya kijiji ina watu wangapi? Watatu, wanne? Kwenye kipande kingine cha karatasi, kilichokunjwa peke yake, aliandika: “Mhariri, jina langu usilitoe. Nina watoto.”

Niliitoa barua. Nilifuta saa, nikafuta idadi ya katoni, nikafuta kila kitu ambacho mtu mmoja tu angeweza kukijua. Hiyo ndiyo kazi ambayo haionekani gazetini. Msomaji anaona aya tatu. Haoni nusu saa ya kukaa na kalamu nyekundu ukijiuliza: nikiacha neno hili, nani atapigwa?

Wiki moja baadaye walikuja wanaume wawili ofisini. Ofisi waliyotoka siitaji, na watu wenyewe siwataji. Walikuwa na adabu sana. Walisema serikali imefurahishwa na barua ile, wametumwa kumpongeza mwandishi wake, hivyo wanaomba jina na anwani ili wampelekee pongezi. Ndugu zangu, ilikuwa karibu niwaamini. Nilikuwa na miaka 31, wanaume wenye suti wamenisimamia mezani, wanatabasamu. Kilichoniokoa ni kile kipande kidogo cha karatasi. Mtu anayeogopa kwa ajili ya watoto wake hapelekewi pongezi na watu asiowajua.

Niliwaambia: jina ninalo, na sitalitoa. Jioni ile nilikwenda nayo nyumbani ile barua, nikaizika ndani ya debe la unga. Baada ya hapo niliitwa mara tatu kwenye jengo moja mjini, mara zote nikakalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi jua kuzama bila kuulizwa swali hata moja, kisha nikaambiwa niende zangu. Nilikuwa na mtoto anayenyonya. Mhariri wangu mkuu, Mungu amrehemu, alikuja kukaa nami kwenye benchi lile siku ya tatu, akaniletea maandazi na chai kwenye chupa. Hakutoa hotuba. Alikaa tu.

Siwasimulii haya ili mniweke pamoja na mashujaa mnaowatuza leo. Nayasimulia kwa sababu nimehudhuria usiku wa tuzo mara nyingi, na kila mara tunausifu mdomo. Tunamsifu aliyesema, aliyeandika, aliyepiga kelele. Ni haki tumsifu. Lakini mimi nimeuona uhuru wa kusema ukishikiliwa na watu walionyamaza. Mtu alisema kwa sababu alijua kuna mtu mwingine ambaye hatamtaja.

Wanawake wa pwani waliijua kanuni hiyo kabla gazeti halijafika. Maneno yaliyoandikwa kwenye kanga tunayaita jina la kanga. Mwanamke mwenye dukuduku lake na wifi, au na jirani, au na mume, hanyanyui sauti. Anaingia dukani, anachagua jina, anajifunga, anapita mlangoni. Jina la kanga limesema. Jina lake yeye limehifadhiwa. Na kabla ya kanga kuandikwa, palikuwa na Muyaka bin Haji pale Mombasa, akiwarushia watu mashairi wakati Mazrui, watawala wa mji ule, wanavutana na Seyyid Said, Sultani wa Oman, kila ubeti una mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Tunalisifu fumbo kuwa ni sanaa yetu, nami nalisifu. Ila kwa kuwa nimesoma barua nyingi za watu wanaojificha, nalitazama fumbo kwa huzuni pia. Mengi yalifumbwa si kwa sababu lugha ilitaka kupendeza, bali kwa sababu mwenye kusema wazi angeumizwa.

Nani aliyeumizwa kwa kusema wazi? Orodha yetu inaanza na mtu ambaye picha yake ilikuwa ukutani katika kila ofisi niliyowahi kufanya kazi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa hapa Dar es Salaam kwa kashfa, kwa sababu ya makala aliyoitoa katika Sauti ya TANU akiwalaumu mabwana shauri wawili wa Kiingereza. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea. Hakimu akamtia hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Alilipa faini. Sauti ya TANU haikuwa gazeti la kifahari. Zilikuwa karatasi chache za kurudufu, zikipita mkono kwa mkono. Miaka mitatu baadaye nchi ilikuwa huru.

Sasa vukeni mpaka mje nami Mombasa, kwa sababu kuna tuzo moja ambayo siwezi kusimama kwenye usiku wa tuzo bila kuitaja.

Abdilatif Abdalla alikuwa kijana wa miaka 22 alipoandika karatasi ya kisiasa iliyouliza swali moja tu katika kichwa chake: Kenya, twendapi? Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilimshtaki kwa uchochezi. Kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 alikuwa kifungoni, sehemu kubwa ya muda huo peke yake katika chumba, gereza la Kamiti. Hakupewa karatasi za kuandikia. Akaandika mashairi kwa Kimvita, lugha ya nyumbani kwake, kwenye karatasi za chooni, na mashairi hayo yakatoka gerezani kwa siri. Mwaka 1973 yakachapwa kuwa kitabu, Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi. Jina la tuzo hiyo: Jomo Kenyatta.

Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga, ikapewa mashairi yaliyoandikwa katika kifungo hichohicho, na rais mwenyewe bado yuko Ikulu. Wengine husimulia kisa hiki kama ushindi wa mshairi, na ni ushindi. Mimi nikikisikia huanza kuzifikiria zile karatasi za chooni. Hazikuwa na miguu. Yupo mtu, au wapo watu, walioziingiza mfukoni, wakapita nazo mbele ya mlinzi na moyo unadunda, wakazifikisha kwa ndugu zake. Kitabu kina jina la mshairi kwenye jalada, na linastahili kuwa pale. Jina la aliyezibeba haliko kwenye jalada. Limehifadhiwa.

Abdilatif alipofunguliwa alikuja hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilimpa kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Najivunia hilo kama Mtanzania. Na kwa kuwa najivunia, lazima niseme na upande wa pili: nchi iliyompokea mshairi huyo mwaka 1972 ndiyo iliyopitisha Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, sheria iliyotoa mamlaka ya kulifunga gazeti kwa amri tu. Mwalimu aliyekuwa ametozwa faini kwa kuandika ndiye aliyekuwa Rais. Nampenda Mwalimu, nilimlilia mwaka 1999 kama nilivyomlilia baba yangu, na hili halinizuii kulisema. Sheria ile iliishi miaka 40. Ilimkuta kila mhariri niliyefanya naye kazi. Kwa ajili yake gazeti la MwanaHalisi lilifungiwa Julai 2012 bila kuwekewa kikomo. Ilipoondolewa mwaka 2016, ikaja Sheria ya Huduma za Habari, na magazeti yakaendelea kufungiwa. Mpaka Februari 2022 ndipo leseni za Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima ziliporudishwa.

Gazeti likifungiwa tunamhoji mhariri. Hatumhoji yule kijana wa Ubungo aliyekuwa akiuza nakala mabasini alfajiri, wala msanifu kurasa, wala dereva wa gari la usambazaji. Kwangu ukurasa wa barua ndio ulioniuma zaidi. Barua hazikujua kwamba gazeti limefungiwa. Nina rafiki aliyekuwa na kazi kama yangu katika gazeti lililofungiwa. Aliniambia barua ziliendelea kufika posta miezi mingi, “Ndugu Mhariri, naomba nafasi”, na nafasi yenyewe hakuna.

Siku hizi barua haziji na bahasha. Zinakuja kwa simu. Dukuduku ni lilelile. Na ile kanuni ya ukurasa wangu ilipata mtihani wake mkubwa kuliko wowote nilioupata mimi, kwa Maxence Melo na wenzake wa Jamii Forums, jukwaa la majadiliano mtandaoni. Watu waliandika pale kwa majina ya kubuni, wakitoa habari za ufisadi katika makampuni na katika serikali. Polisi wakataka majina ya kweli. Tarehe 13 Desemba 2016 Melo akakamatwa, na mashtaka yakafuata chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kwa miaka kadhaa alipanda na kushuka ngazi za Mahakama ya Kisutu. Mwaka 2019 Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari ilimpa tuzo yake ya kimataifa mjini New York. Mwaka uliofuata, hapa nyumbani, alitiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi. Fikirini kosa hilo limetokana na nini. Limetokana na kuandika chini ya barua: jina limehifadhiwa.

Ningekuwa na uwezo, kila mwanafunzi wa uandishi wa habari angesoma mwenendo wa kesi zile kabla hajafundishwa kushika kamera.

Lakini sasa nageukia jambo lililo gumu kwangu, kwa sababu linakwenda kinyume na yote niliyokwisha sema.

Yapo majina ambayo kuyahifadhi ni kuyaua mara ya pili.

Tarehe 2 Septemba 2012, kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Chama cha upinzani, CHADEMA, kilikuwa kinafungua tawi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, alikwenda kufanya kazi yake. Zipo picha, zilizopigwa na wenzake muda mfupi kabla, zinazomwonyesha amezingirwa na askari. Kisha bomu la machozi likafyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Alikufa palepale. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wale waandishi wenzake wangeweza kuweka kamera chini na kukimbia. Picha zao ndizo zilizofanya isiwezekane kusema kwamba hakuna aliyeona. Umoja wa Klabu za Waandishi wa Habari Tanzania ukaanzisha tuzo yenye jina la Daudi Mwangosi, na mimi naiheshimu tuzo hiyo kuliko nyingi zenye fedha nyingi, kwa kuwa kila inapotolewa mtu analazimika kulitamka jina hilo kwa sauti mbele ya watu, wakiwemo wenye vyeo.

Na tarehe 21 Novemba 2017, Kibiti. Azory Gwanda alikuwa akiandika kwa kujitegemea, habari zake zikitoka katika gazeti la Mwananchi. Alikuwa akiandika juu ya mauaji yaliyokuwa yakitokea Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji na askari wakiuawa, watu wakitoweka. Siku ile alipitishwa na gari shambani alikokuwa mke wake, akiwa na watu asiowajua mke huyo. Akamwambia anakwenda safari ya haraka, na asiporudi siku hiyo atarudi kesho yake. Hakurudi. Julai 2019 waziri mmoja aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki. Baadaye ikaelezwa kwamba kauli hiyo ilieleweka vibaya. Mwanamke amengojea “kesho” tangu mwaka 2017.

Azory hakuwa na ofisi. Alikuwa mmoja wa wale tunaowaita waandishi wa mikoani, anayelipwa kwa habari iliyotoka, na isiyotoka hailipwi. Mtu kama huyo akitoweka, hakuna kiti kilichobaki wazi katika chumba cha habari ambacho watu watakiona kila asubuhi wakaulizana. Kiti chake kilikuwa pale Kibiti, pikipiki na simu.

Kwa hiyo kazi yetu ina mikono miwili, nami nimechukua maisha yangu yote ya kazi kuielewa. Mkono mmoja unaficha jina la mtu atakayeumizwa akijulikana. Mkono wa pili unalinyanyua jina la mtu atakayeumizwa akisahaulika. Ukikosea mikono hiyo, unaua. Ukilitaja jina la mfanyakazi wa zahanati, umemwua. Ukinyamaza juu ya Azory, umesaidia waliotaka asahaulike. Tuzo ni kazi ya mkono wa pili, na ndiyo sababu nimekubali kuja.

Mtakaopokea leo, msiidharau kazi hiyo hata kama kwenu ni kipande cha kioo na picha ya pamoja. Kumbukeni Dawit Isaak wa Eritrea. Gazeti lake, Setit, lilikuwa miongoni mwa magazeti binafsi ya kwanza nchini humo, na lilichapisha barua. Nasema tena kwa sababu mimi ni mtu wa barua: lilichapisha barua za viongozi waliotaka mageuzi. Septemba 2001 akakamatwa, pamoja na waandishi wengine, magazeti binafsi yote yakafungwa. Hajawahi kufikishwa mahakamani. Mwaka 2005 aliachiwa kwa siku chache tu, akarudishwa. Mwaka 2017 UNESCO ikampa tuzo yake ya uhuru wa habari, ya Guillermo Cano, binti yake akaipokea kwa niaba yake mjini Jakarta. Mlango wa gereza haukufunguka. Yapo mataifa yangefurahi sana jina lile lifutike, lakini tarehe 3 Mei ya mwaka ule lilisomwa mbele ya dunia, na aliyelishikilia alikuwa mtoto wake.

Tarehe 3 Mei yenyewe, mnajua, ni zawadi ya Afrika kwa dunia. Waandishi wa Kiafrika walikutana Windhoek mwaka 1991 wakatoa tamko, na siku ya tamko lao ikawa Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari Duniani.

Na kuna nyaraka mbili zilizoandikwa Arusha, hapa nchini mwetu, ambazo ningependa zibandikwe katika kila chumba cha habari. Ya kwanza ni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, tarehe 5 Desemba 2014. Mwandishi wa Burkina Faso, Lohé Issa Konaté, alifungwa mwaka mmoja kwa kashfa dhidi ya mwendesha mashtaka. Majaji wakasema kifungo kwa kosa la kashfa kinakiuka uhuru wa kujieleza. Mtu wa Ouagadougou alikuja kuipata haki yake chini ya Mlima Meru. Ya pili ni ya Mahakama ya Afrika Mashariki, tarehe 28 Machi 2019. Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu waliipeleka Sheria yetu ya Huduma za Habari mbele ya majaji, na majaji wakasema vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vya uchochezi na kashfa, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mawakili waliofanya kazi hiyo walikesha na mafaili. Kama mmoja wenu yumo humu, nakushika mkono.

Nina ombi kwa waandaaji na wadhamini, na nawaomba mlichukue kwa uzito.

Fedha za usiku huu, ukumbi, chakula, vioo vya tuzo, zingetosha kuwalipia bima waandishi wa mikoani wa kanda nzima. Sisemi tuache kukutana. Nimeshaeleza kwa nini majina lazima yasomwe. Nasema kila tuzo tunayotoa iwe na mkia wake: sehemu ya fedha iingie katika mfuko wa watu ambao hawatapanda jukwaani. Mfuko wa kumlipa wakili anayepokea simu saa nane za usiku kutoka Tunduma au Ngara. Mfuko wa kumhamisha mtoa habari na watoto wake kwa mwezi mmoja mpaka mambo yapoe. Nauli. Kodi ya chumba. Hayo ndiyo mambo ambayo watu huulizwa, “utaweza?”, kabla hawajaamua kusema.

Na ninyi wahariri wenzangu mlio humu, wangapi kati ya waandishi wenu wa mikoani wana mkataba uliosainiwa? Sitawaomba mnyooshe mikono. Naomba tu kesho asubuhi mfungue lile daftari la malipo, mtazame jina la yule aliye mbali kuliko wote, mmpigie simu. Msimpigie kumdai habari. Mwulizeni usiku analala wapi, nani anajua alipo, na kama asiporudi nani atakuwa wa kwanza kuuliza.

Washindi, mtakapoitwa, mtapanda ngazi hizi na mtashukuru. Najua kuna mtu ambaye kila mmoja wenu atataka kumshukuru na hataweza. Aliyewapa waraka. Aliyewaonyesha chumba. Aliyesema “njoo kesho, mlango wa nyuma”. Nimeona washindi wakifika kipaza sauti, wakafungua mdomo, wakasita, kisha wakasema “na wengine ambao siwezi kuwataja”. Hapo ukumbi huwa unapiga makofi madogo tu, kwa sababu watu hawajui wanampigia nani. Leo, ikifika hapo, mimi nitasimama. Naomba msimame pamoja nami.

Mmoja wa waandaaji aliniuliza kwenye simu ile barua ya zahanati iliishia wapi. Ilikaa kwenye unga wiki tatu, kisha kwenye sanduku la nguo, na mwaka 2003 nilipohama nyumba niliichoma jikoni, pamoja na kile kipande kidogo cha karatasi. Sikuwahi kuonana na aliyeiandika. Sijui kama dawa zilirudi kwenye zahanati. Jina lake nalikumbuka, majina yote mawili, na kijiji, na sanduku la posta. Mwanangu, yule aliyekuwa ananyonya nikikaa kwenye benchi, ameketi pale meza ya tatu. Ameniuliza mara nyingi, na hata yeye sijamwambia.

Mshereheshaji, nakushukuru kwa kunivumilia. Ratiba ni yako.